Ukoga wa Meno, Mji wa Vijidudu

Kila mtu aliyepata kuvuka mto kwa miguu ajua ya kuwa mawe ya majini huteleza. Jiwe lililo ukingoni, lililokaushwa na jua, halitelezi; hata jiwe lililotupwa majini leo halitelezi bado. Lakini likikaa humo siku kadha wa kadha huvikwa ute mwembamba, na mchota maji akilikanyaga bila kuangalia huanguka yeye na mtungi wake. Ute huo si tope lililoletwa na mto. Ni mji wa viumbe vilivyo hai, vidogo hata jicho haliwezi kuviona, navyo vimeujenga vyenyewe.

Viumbe hivyo ni vijidudu viitwavyo bakteria. Vingi vyao, vikipangwa kimoja baada ya kimoja, vyahitajika kama elfu moja kuijaza nafasi ya milimita moja, yaani nafasi iliyo baina ya mistari midogo ya rula. Kwa muda wa miaka mingi wataalamu walivifuga katika chupa za mchuzi ili wavichunguze, na humo kila kijidudu huogelea peke yake. Basi wakadhani ya kuwa ndivyo viishivyo hata nje ya chupa. Mwaka 1978 mtaalamu mmoja wa Calgary, Kanada, jina lake J. W. Costerton, pamoja na wenzake, walieleza habari nyingine. Walikuwa wamechunguza vijito vya milimani, wakaona ya kuwa vijidudu vinavyoelea katika maji yapitayo ni vichache, bali vilivyoshika mawe ni vingi kupita kiasi. Tena vile vya mawe havikukaa ovyo ovyo. Vilishikamana, vimejifunika kwa ute vinaoutengeneza vyenyewe. Ute huo pamoja na wakaaji wake huitwa utando wa vijidudu.

Sasa mtu na aache mto, atazame kinywa chake. Mtu mzima aliyetimia meno ana mawe 32 kinywani, nayo huoshwa mchana na usiku na kijito kisichokauka, ndicho mate. Mtu akikwaruza jino lake kwa ukucha asubuhi, karibu na ufizi, kabla hajapiga mswaki, atapata kitu cheupe, laini, chenye kunata kama uji mzito. Wazee wa Kiswahili walikipa jina tangu zamani: ni ukoga. Wengi hudhani ya kuwa ukoga ni masalio ya chakula cha jana. Sivyo. Hata mtu asiyekula kitu hupata ukoga. Ni utando ule ule wa mawe ya mtoni, ila umejengwa juu ya jino, na katika miligramu moja yake mna vijidudu zaidi ya milioni mia moja.

Mtu wa kwanza aliyeuona mji huo na kuandika habari zake hakuwa daktari. Alikuwa muuza nguo wa mji wa Delft katika nchi ya Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, aliyezaliwa mwaka 1632. Hakusoma chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, lugha waliyoitumia wenye elimu wa siku zile. Lakini alikuwa na mikono yenye ustadi na macho yasiyochoka. Alisugua vipande vidogo vya kioo hata vikawa kama punje ya mtama, akavitia katika vibao vya shaba au fedha, akapata darubini iwezayo kukuza kitu mara 200 na zaidi. Alitazama maji ya mvua, damu, mbegu za mimea, miguu ya wadudu. Na kila alichokiona alikiandika katika barua kwa lugha yake ya Kiholanzi, akazipeleka kwa chama cha wataalamu cha London.

Katika barua yake ya tarehe 17 Septemba 1683 alieleza habari za meno yake mwenyewe. Bwana huyu hakuwa mchafu. Kila siku asubuhi alisugua meno kwa chumvi, akachokonoa magego, akayafuta kwa kitambaa, hata meno yake yakawa meupe kuliko ya watu wengi wa umri wake. Hata hivyo aliona baina ya meno kitu cheupe kama unga uliokorogwa. Akachukua kidogo, akakichanganya na maji safi ya mvua, akatazama kwa darubini. Lo! Mlikuwamo viumbe vingi vilivyo hai, vikienda kwa namna ya kupendeza. Vingine vilikata maji kwa kasi kama samaki awindaye. Vingine vilizunguka kama pia ya watoto. Akasema ya kuwa kinywani mwa mtu mmoja mna viumbe wengi kuliko watu wa ufalme mzima. Kisha akatafuta watu wengine, wanawake, mtoto, na mzee mmoja ambaye hakusafisha kinywa chake maisha yake yote. Kwa mzee yule wingi wa viumbe ulimshangaza hata yeye aliyezoea kushangaa.

Lakini jambo kubwa katika barua ile ni dogo kwa maneno, na watu walilipita kwa muda mrefu. Leeuwenhoek alitaka kujua kama siki yaweza kuwaua viumbe hao. Akatia siki kali kinywani, akaipitisha baina ya meno mara nyingi, kisha akasukutua kwa maji. Alipochukua tena ukoga na kuutazama, alikuta bado viko hai tele. Ndipo akafanya namna nyingine: akautoa ukoga nje, akauchanganya na maji, akaitia siki humo. Mara vikafa vyote. Siki ni ile ile, na vijidudu ni vile vile. Mbona ndani ya kinywa viliishi, na nje vikafa? Yeye mwenyewe alikisia ya kuwa siki iliua vile vya juu tu, isipenye mpaka ndani. Alikisia vema, walakini ilipita karibu miaka 300 kabla watu hawajajua sawasawa jinsi ukoga ulivyojengwa.

Ujenzi wake ni huu. Jino likisafishwa barabara haliwi tupu hata kwa dakika chache. Mate yenyewe huliweka ngozi nyembamba mno, isiyoonekana, iliyofanywa kwa protini za mate. Ngozi hiyo si adui. Husaidia kulilinda jino. Lakini ndiyo uwanja utakaojengwa. Vijidudu vinavyochukuliwa na mate hupita juu yake, vikagusa, vikaondoka, vikagusa tena, kama vumbi lipeperushwalo juu ya mkeka. Vingi huchukuliwa na mate na kumezwa. Lakini viko vyenye vinyweleo vidogo kuliko vyenyewe, na ncha za vinyweleo hivyo hulingana na protini za mate kama ufunguo na kufuli yake. Hivyo ndivyo vishikavyo kwanza. Vingi vyao ni vya jamii ya streptokoki, vya mviringo, vilivyoungana kama shanga katika uzi.

Ni vizuri kuuliza kwa nini vijidudu hujenga juu ya jino, wala havijengi hivyo juu ya shavu la ndani. Sababu ni kwamba ngozi ya shavu hubambuka kila mara, na vijidudu vilivyoshika huanguka pamoja nayo na kumezwa. Jino halibambuki. Kwa vijidudu, jino ni kiwanja kisichohama, chenye joto, chenye maji na chakula, na penye mianya isiyofikwa na ulimi.

Vikiisha kushika, vijidudu huacha mambo ya safari. Huzaana, kimoja kikigawanyika viwili, na viwili vinne. Tena huanza kutoa ute. Ute huo umefanywa kwa nyuzi za sukari na protini, na ndani yake mmechanganyika hata mabaki ya vijidudu vilivyokufa, ambayo husaidia kushikamanisha, kama fito katika ukuta wa udongo. Kati ya streptokoki kuna aina moja ambayo wataalamu huiita mutans, nayo ni fundi wa hatari. Ikipata sukari ya miwa, ile itiwayo katika chai, huikata vipande viwili. Kipande kimoja hukiunga na vingine vya namna yake, kimoja kwa kimoja, kama mtu asukaye kamba, hata ikapatikana gundi isiyoyeyuka majini. Watoto wategao ndege wajua nguvu ya ulimbo: ndege akiugusa kwa kidole kimoja huchelewa kuondoka, na kadiri anavyopigana ndivyo anavyoganda. Basi gundi ile ndiyo ulimbo wa mutans. Hunata juu ya jino, ikanasa wapitao.

Wageni huja kwa zamu zao. Siku ya kwanza na ya pili walio wengi ni wa mviringo na wafupi. Siku zinazofuata huja warefu kama nyuzi. Wako wengine, waitwao fusobakteria, wenye mwili mrefu uliochongoka pande zote mbili, ambao waweza kushikana na karibu kila aina. Wao ni daraja: aliyewahi kufika amewashika mkono mmoja, na achelewaye huushika mwingine. Hata wiki moja ikipita, huonekana wale wajipindao kama nyoka, wachukiao hewa. Hao hawangeweza kuishi juu ya jino safi, kwa sababu hewa ingewaua. Lakini wa kwanza wamekwisha itumia hewa yote iliyo chini ya ute, na pale chini pamekuwa pango lisilo na upepo, karibu na ufizi. Kinywani hujulikana aina zaidi ya 700 za bakteria, ijapokuwa hakuna mtu mwenye zote kwa mara moja.

Mwaka 2016 wataalamu wa Marekani walitangaza picha za ukoga ambazo kila aina ya kijidudu ilipakwa rangi yake. Watu waliozoea kudhani kwamba ukoga ni takataka zilizorundikana walitazama wakaona mpango. Katikati palikuwa na nyuzi ndefu zilizosimama kama miti ya nyumba. Katika ncha za nyuzi hizo, upande wa nje wenye hewa na mate, streptokoki walikuwa wamezizunguka mviringo, kama punje zilivyozunguka gunzi la hindi. Na ndani walikaa wapendao giza na wasiohitaji hewa. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, ilikuwa imekwisha kuonekana ya kuwa katika tando za namna hii mna mianya na mifereji, maji yakipita humo kupeleka chakula ndani na kutoa taka. Tena wakaaji wake hupelekeana habari. Kila kijidudu hutoa chembe za dawa fulani. Vikiwa vichache, chembe hizo hupotea. Vikiwa vingi, huzidi, na vyote huzionja na kubadili kazi kwa pamoja. Hakuna mfalme wala baraza, walakini hesabu yao wenyewe huwaambia wakati umefika.

Ukoga huu wawezaje kuleta ugonjwa? Kwanza katika fizi. Mwaka 1965 Harald Løe na wenzake wa Aarhus, nchi ya Denmark, walitangaza jaribio waliloliagiza kwa watu 12 wenye fizi nzima. Watu hao waliambiwa waache kabisa kusafisha meno. Ukoga ukazidi siku kwa siku, na aina za vijidudu zikageuka kwa zamu kama ilivyoelezwa juu. Kabla ya wiki tatu kwisha, wote 12 walikuwa na fizi nyekundu, zilizovimba. Aliyewahi aliugua siku ya 10, na aliyechelewa siku ya 21. Walipoanza tena kusafisha meno, fizi zikapona upesi. Basi ikajulikana wazi ya kuwa fizi zitokazo damu hazitokani na damu mbaya wala na ukubwa wa mtu. Lakini mtu akiziacha miaka na miaka, ugonjwa waweza kushuka chini, ukala mfupa unaolishika jino, na jino zima, lisilo na tundu hata moja, likalegea na kung'oka kama mti ulioondolewa udongo.

Pili ni matundu ya meno, na hapa sukari ndiyo inayofanya kazi. Vijidudu vya ukoga vikila sukari hutoa asidi, yaani ukali kama wa ndimu. Robert Stephan wa Marekani aliupima ukali huo mwaka 1940 na miaka iliyofuata kwa kugusa ukoga wenyewe na kipimo chembamba. Akaona ya kuwa dakika chache tu baada ya sukari kuingia kinywani, asidi hupanda chini ya ukoga, kisha hurudi polepole, nusu saa au hata saa moja, kadiri mate yanavyoiondoa. Wakati ule chokaa ya jino huyeyuka kidogo. Mate yakishinda, chokaa hurudi mahali pake. Kwa hiyo jino huvunjwa na kutengenezwa mara nyingi kwa siku moja, na hatari haiko katika wingi wa sukari peke yake, bali katika kula kidogo kidogo mara kwa mara. Mwenye kumumunya peremende tangu asubuhi mpaka jioni halipi jino lake nafasi ya kupona. Na usiku mate hupungua sana, ndiyo maana sukari iliyobaki wakati wa kulala hufanya madhara kuliko ya mchana.

Jambo hili la peremende lilijulikana kwa njia isiyofaa kusifiwa. Katika hospitali ya Vipeholm, nchi ya Sweden, katika miaka ya 1940 na iliyofuata wagonjwa wenye upungufu wa akili walipewa sukari kwa namna mbalimbali, na baadhi yao peremende ngumu zenye kunata baina ya milo, ili ionekane meno yataozaje. Meno yakaoza sana. Habari zilipotangazwa mwaka 1954, dunia ilipata elimu yake; lakini wale waliolipa kwa meno yao hawakuulizwa kama wapenda, nao hawakuwa na akili ya kukataa. Leo jaribio la namna hiyo haliruhusiwi.

Tundu likifika ndani, kwenye mshipa wa jino, huja maumivu yanayomkosesha mtu usingizi. Kisha mshipa hufa, maumivu hutulia, na mgonjwa hufurahi kwa makosa, kwa kuwa usaha huendelea kukusanyika chini ya mzizi. Pengine hushuka chini ya ulimi na shingoni, uvimbe ukaziba njia ya pumzi. Watu wamekufa kwa gego moja lililooza. Kwa hiyo mtu mwenye jino bovu akivimba taya, akashikwa na homa, na kumeza kukamshinda, hapelekwi kesho kwa mganga. Hupelekwa hospitali siku ile ile.

Sasa lile swali la siki. Mbona dawa iuayo vijidudu vinavyoogelea haivishindi vilivyo katika utando? Kijidudu kilicho ndani ya mji chaweza kustahimili dawa mara 10, na pengine mara 1,000, kuliko ndugu yake aliye peke yake. Ute hushika dawa nyingine, ukaichelewesha au kuimaliza nguvu kabla haijafika ndani. Hiyo ndiyo sababu aliyoikisia Leeuwenhoek. Lakini siyo yote. Dawa nyingine hupenya ute bila taabu, na bado hazifaulu. Sababu ya pili ni ya ajabu zaidi: vijidudu vya ndani kabisa hupata chakula kidogo na hewa kidogo, basi hulala, yaani havikui wala havigawanyiki. Penisilini huua kijidudu wakati kinapojenga ukuta wa mwili wake. Kisichojenga, haikiwezi. Dawa ikiisha, waliolala huamka, na mji hujengwa upya kwa siku chache. Tena, kwa kuwa wamekaa karibu karibu, huweza kupeana chembe za urithi zenye maarifa ya kushindana na dawa.

Meno si mahali pa pekee pa tando hizi. Hujengwa katika mipira itiwayo mwilini mwa wagonjwa hospitalini ili kupitisha mkojo au dawa, na mara nyingi mpira lazima utolewe ndipo mgonjwa apone. Hujengwa katika vilango vya moyo. Mtu ambaye vilango vya moyo wake viliharibiwa zamani kwa homa ya baridi yabisi yuko katika hatari, kwa maana vijidudu vya ukoga vyaweza kuingia damuni kupitia fizi zitokazo damu, vikashika pale vilangoni kama vishikavyo jino. Kuviondoa huhitaji dawa za kuchoma kwa muda wa wiki 4 mpaka 6, na asiyetibiwa hufa. Hata kipindupindu kina desturi hii: majini vijidudu vyake hushika magamba ya wanyama wadogo sana wa jamii ya kamba, vikakaa mafungu mafungu. Huko Matlab, nchi ya Bangladesh, wanawake wa vijijini walifundishwa kuchuja maji ya kunywa kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne au zaidi, na habari zilizotangazwa mwaka 2003 zilionyesha ya kuwa kipindupindu kilipungua karibu nusu. Nguo haiwezi kukamata kijidudu kimoja kimoja, kwa kuwa matundu yake ni makubwa mno. Ilikamata mafungu yaliyopanda juu ya wanyama wale. Kuchemsha maji ni bora zaidi, lakini ambako kuni ni haba, nguo kuukuu ni afadhali kuliko kutofanya lolote.

Turudi kwenye jino. Kitu kishindwacho na dawa hushindwa na kijiti. Utando ukivunjwa kwa kusuguliwa, wakaaji wake hutawanyika, ute hupasuka, hewa huingia mapangoni, na mate huwachukua mmoja mmoja kama walivyokuwa mwanzo. Ndiyo kazi ya mswaki. Jina hili ni la chombo na ni la mti pia, ule mti wa nchi kavu ambao mizizi na vijiti vyake hutumiwa kusafishia meno katika Afrika ya Mashariki, Uarabuni na Bara Hindi tangu zamani. Ndani ya mti huo mna mafuta makali ambayo wataalamu wameona huua aina kadha za vijidudu. Lakini sifa yake ya kwanza si ukali bali nyuzi. Kijiti kikitafunwa ncha hata kikawa kama brashi, nyuzi zake huingia penye mwanya na kuuvunja ukoga. Upungufu wake ni kwamba husimama wima kinywani. Mwenye kuutumia husafisha meno ya mbele yanayoonekana mtu akicheka, akasahau upande wa ulimi na magego ya mwisho, ambako ukoga hukaa kwa raha. Mswaki wa dukani una upungufu huo huo mkononi mwa mwenye haraka.

Wengine husugua kwa mkaa, majivu au mchanga. Vitu hivyo huondoa ukoga kweli, lakini hula na jino pia, na jino lililoliwa halioti tena. Dawa ya meno yenye floridi ni bora, kwa sababu floridi husaidia chokaa kurudi mahali pake, na jino likawa gumu mbele ya asidi. Hata hivyo kizuri nacho kina kiasi. Sehemu za Arusha na za Meru maji ya baadhi ya chemchemi yana floridi nyingi mno kutokana na milima ya moto ya kale, na watoto waliokua wakiyanywa huota meno yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo si ukoga. Yamo ndani ya jino lenyewe, na mtoto aliye nayo asichekwe kwa uchafu, wala asijichubue kwa mchanga akidhani atayatoa.

Ukoga usiposuguliwa hauendelei kuwa laini siku zote. Mate yana chokaa, na chokaa hiyo huugandisha polepole hata ukawa kama jiwe, wa manjano au mweusi, hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini. Huo huitwa ugaga. Ugaga haukubali mswaki. Huondolewa kwa chombo cha chuma mkononi mwa mganga wa meno. Ugaga ni mgumu hata huwashinda wafu kuoza nao: wachimbao makaburi ya kale huukuta juu ya meno ya watu waliozikwa maelfu ya miaka iliyopita, na ndani yake husoma masalio ya vijidudu na vyakula vya watu wale.

Walio hai husugua mara mbili kila siku, na mara iliyo kubwa ni ile ya usiku, baada ya chakula cha mwisho. Husugua polepole, pale jino lipakanapo na ufizi, nje na ndani, kwa muda wa dakika mbili hivi. Ufizi ukitoa damu kidogo mwanzoni, wengi huogopa na kuacha. Nao ndio hasa unaohitaji kusafishwa, na damu hukatika baada ya siku chache. Kisha mswaki huoshwa na kuwekwa penye hewa. Nao haujakauka bado, mate yamekwisha kulivika jino ngozi yake mpya, na streptokoki wa kwanza wameanza kushika.